Mkono Bila Neno

Wanangu, mliponitumia ujumbe mkiniomba niwaandikie siri za kutunza saa za sataranji, nilicheka peke yangu mpaka jirani akauliza kulikoni. Saa hazina siri. Usiziache juani, usizitie kapu moja na mihogo mibichi, na kabla ya mchezo ziweke sikioni moja moja, kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Ile inayokohoa iweke pembeni. Hizo ni zile za ufunguo. Hizi zenu za betri hazikohoi, zinakufa kimya tu, kwa hiyo tembea na betri mfukoni. Basi, siri zimekwisha.

Lakini kwa kuwa mmeuliza, na kwa kuwa sasa ni ninyi mtakaosimama katikati ya meza watoto wakicheza, nitaongeza mengine. Moja kati ya hayo sijawahi kulisema mbele ya watu. Linanitia haya mpaka leo, nikiwa nimeshastaafu na kupewa kitenge na hotuba. Nitalifikia. Mniruhusu nizunguke kidogo kwanza, kama mtu aliyefika mlangoni kwa anayemdai radhi na bado hajapata moyo wa kubisha hodi.

Kwa msionijua: nilifanya kazi zaidi ya miaka ishirini katika kituo kimoja cha vijana hapa Gitega. Niliajiriwa kufagia ukumbi na kutunza mipira. Siku moja waliletewa mbao za sataranji na saa zake, mkubwa wa kituo akauliza nani anajua vitu hivi, na mimi, ufagio mkononi, nikasema najua. Tangu hapo nikawa mwalimu wa mchezo, mwamuzi wa mashindano, na mbebaji wa kapu la saa. Watoto wakanibatiza Mama Saa, na jina la ubatizo wangu wa kweli wakalisahau wote, hata mume wangu wakati mwingine.

Nilijua kwa sababu ya Mzee Nuruddin. Baba yangu alitoka Uvira na vitenge vyake, akapanga duka lililopakana na la mzee huyo, ambaye babu yake alitoka Uhindini na yeye mwenyewe hakuwahi kuishi popote ila Gitega. Aliuza misumari, kufuli na rangi. Juu ya kaunta, kati ya mizani na kopo la misumari ya bati, ulikaa ubao wa sataranji usioondolewa kamwe. Nikitoka shule napita kwake, tunasogeza kete mbili tatu, mteja anaingia, tunasimama, mteja anatoka, tunaendelea. Mchezo mmoja uliweza kula wiki nzima.

Alikuwa mkali. "Ukiigusa, umeioa," alisema. Ndiyo sheria ya kwanza ya mchezo wetu: kete uliyoigusa lazima uisogeze. Nikilia kwamba niligusa kwa bahati mbaya, anajibu, "Wengi wameoa hivyo hivyo."

Na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu. Mnajua kwetu mkono ukinyooshwa haurudi mtupu. Hata mtu mwenye kesi na wewe, akikupa mkono unaupokea, maneno yanafuata. Na mdogo akipewa mkono na mkubwa, au na mtu anayemheshimu, anaupokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, anainama kidogo. Hakuna anayefundishwa hili darasani, unalinyonya. Mzee Nuruddin salamu alizitoa kama watu wote. Ila mteja akinyoosha mkono katikati ya mapatano, mzee anaacha mikono yake juu ya kaunta na kuuliza, "Tunapatana nini? Mdomo kwanza, mkono baadaye." Wengine walitoka dukani wakinung'unika kwamba mzee ana majivuno. Hata mimi nilimwona hivyo. Nilikuwa mtoto, na mtoto huona sura ya jambo tu.

Sasa niwachekeshe, kabla sijaanza kujiliza.

Mashindano ya kwanza niliyoyasimamia peke yangu yalikuwa Makebuko, siku ya soko. Nilipanga meza zote asubuhi na mapema, nikajisifu. Mchezo ulipofika nusu saa, katekista mmoja aliyekuwa akipita akasimama, akaangalia, akaniambia kwa upole, "Mama, mbona malkia zote zimehama nyumba?" Nilikuwa nimezigeuza mbao zote upande. Wanangu, mraba mweupe unakaa kulia kwa kila mchezaji, pembeni kabisa. Ukikosea hapo, mfalme analala kitandani kwa malkia. Tulianza upya, na wale waliokuwa wanashinda hawajanisamehe.

Ryansoro je? Huko askari mmoja alipotea, na kwa kuwa askari ni kete ndogo kabisa, tukaweka punje ya mahindi mahali pake. Tulikuwa nje, mbao ziko juu ya mabenchi. Mvulana mmoja anafikiria, kichwa kimeinama, kuku akaruka akadonoa askari wake na kwenda zake.

"Mama Saa! Kuku imekula askari yangu! Donc tunafanya aje?"

Mpinzani wake akasema, "Mi sijali. Amekufa, amekufa. Iko vita."

Nikaamua hivi: kuku hakujiandikisha kwenye mashindano, kwa hiyo alichokula hakihesabiwi. Nikarudisha punje nyingine pale pale, nikampa yule mvulana dakika mbili za mshtuko. Wote wawili walikubali. Siku ile nilikuwa mwamuzi mzuri, nilitazama kilichotokea na kusema kilichotokea. Kazi yenu yote imo humo. Ningewaambia mengine, ila mengine ni mapambo.

Haya. Kuna kichekesho kimoja nilichowasimulia watoto kila Jumamosi, na hiki ndicho kilichonifikisha pabaya.

Zamani kidogo, karani mmoja wa hapa mjini alicheza na rafiki yake kituoni kwetu. Karani alikuwa amebanwa, mfalme wake kona, hana pa kwenda. Akanyoosha mkono bila kusema neno. Rafiki akaupokea, akidhani mwenzake ameshindwa. Karani akaruka: "Asante, sare!" Kwenye mchezo wetu mkono unaweza kuwa wa kushindwa au wa kukubaliana sare, na ndiyo maana sheria inataka anayeomba sare aseme kwa mdomo. Lakini walikuwa watu wazima wakicheza kwa furaha, rafiki yake alicheka mpaka akashika ubavu, wakaenda kula brosheti za mbuzi pamoja. Nilipowasimulia watoto, nilimwigiza karani, mkono na macho na yote. Walicheka sana. Nilipenda wakicheka. Ile sehemu ya sheria nilikuwa naimeza, kwa sababu ilipunguza utamu.

Mmoja aliyecheka kuliko wote alikuwa Yannick. Alikuwa wangu tangu ana miaka saba, mtoto wa muuza simu wa mtaa wa Shatanya, mwenye kichwa chepesi na ulimi mwepesi zaidi. Miaka yote ile kituo chetu hakikuwahi kutoa bingwa wa vijana. Mara walitoka Bujumbura, mara Ngozi. Yannick alipofika miaka kumi na sita nilijua ndiye. Nilimwombea hata kanisani, jambo ambalo padri angesikia angenikemea.

Mwaka ule mashindano ya vijana yalifanyika hapa hapa Gitega, katika ukumbi wa shule moja. Mwamuzi mkuu nilikuwa mimi, mwenye saa mimi, mwalimu wa Yannick mimi. Watu wa mchezo wetu ni wachache, kofia zinajazana kichwa kimoja. Andikeni hili mahali mtakapoliona: mwamuzi asisimamie mtoto aliyemfundisha. Akikosekana mwingine, mwiteni katekista wa Makebuko.

Kutoka Muyinga walikuja watoto wanne na mwalimu wao. Mmoja alikuwa msichana wa Butihinda, Godeliva, miaka kumi na mitano, mrefu, mwenye sweta ya kijani iliyokatika kiwiko. Alizaliwa kambini Tanzania, familia ikarudi akiwa mkubwa, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha sisi sote. Mchezo aliufundishwa kule kambini na jirani yao, kwa kete zilizochongwa kwa mashina makavu ya mihogo. Hakuwa ameshika saa ya sataranji mpaka wiki ile. Siku ya kwanza nilimwonyesha jinsi ya kuibonyeza, kwa mkono ule ule uliosogeza kete, na kila alipobonyeza alisema "samahani" kwa saa.

Wakati wa chakula cha mchana siku ya pili alikuja na sahani yake ya maharage, akaomba kukaa karibu nami. Akaniuliza, "Mama, ni kweli mshindi anaenda Dar es Salaam?"

Nikasema ni kweli, bingwa ndiye anaingia kwenye timu ya nchi itakayocheza huko.

"Baba mdogo alisema nikishinda nitaendelea na mchezo, na shule pia atanitafutia huku mjini. Nisiposhinda, nirudi shambani kama wenzangu, mchezo basi. Alisema niende mara moja tu, nijaribu." Akala kijiko kimoja. "Si mkali, Mama. Mikono nyumbani ni michache."

Hakuniomba kitu. Aliniambia kama mtoto anavyomwambia mama aliyemkalia karibu. Kwa hiyo msije mkanitetea kwamba sikujua. Nilijua yote, niliyasikia sahani yangu ikiwa mkononi.

Mchezo wa mwisho ukawakutanisha. Yannick alikuwa mbele yake kwa nusu pointi. Sare ingemtosha kuwa bingwa. Godeliva alihitaji kushinda, hakuna kingine.

Alicheza na kete nyeupe. Sijawahi kuona mtoto akicheza polepole namna ile bila kuchosha watazamaji. Yannick alicheza haraka kama kawaida yake, anabonyeza saa paa, anaangalia dari. Msichana aliweka mikono chini ya mapaja, akitaka kusogeza kete anautoa mmoja, anafanya kazi, anaurudisha. Baadaye nilielewa kwamba ndivyo alivyojizuia asiguse kete kabla ya wakati. Ni njia nzuri, waigeni.

Saa ya tatu ya mchezo, askari wa Yannick upande wa mfalme walikuwa wametawanyika. Malkia wa Godeliva aliingia, ngome yake nyuma ya malkia, zote mbili zikitazama kona aliyojificha mfalme mweusi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka mezani, kapu la saa miguuni, nikahesabu: Yannick asogeze chochote, kete ya pili baada ya hapo ni mati, mfalme hana pa kukimbilia. Hata angejificha chini ya meza.

Ilikuwa zamu yake. Saa yake ilikuwa na dakika nyingi bado. Aliangalia ubao muda mrefu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akainua macho, akaniangalia mimi.

Halafu akanyoosha mkono. Hakusema neno. Midomo yake niliitazama, haikufunguka.

Godeliva aliona mkono umenyooshwa. Alisimama, kwa sababu hupokei mkono wa mtu umekaa kama malkia. Aliupokea kwa wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko pale sweta ilipokatika, akainama kidogo. Akamwambia, "Pole, kaka. Umecheza vizuri." Akasimamisha saa. Akaketi, akachukua karatasi yake, akaandika matokeo kwa mwandiko safi: moja kwa sifuri.

Yannick alichukua ya kwake akaandika nusu kwa nusu.

Nilipoinamia meza karatasi mbili zilikuwa zinagombana. Nikauliza kuna nini.

"Mama, iko sare," akasema Yannick. Sauti ilikuwa nyembamba. "Mi nilimuomba sare, akanipatia mukono. Umeona we mwenyewe."

Godeliva akageuka kwangu. Hakuwa na hasira, alishangaa tu. "Mama, hakuniomba kitu. Nilidhani ameshindwa."

"Nilisema! Nilisema polepole, na hapa iko kelele. Mama alikuwa hapo. Mama, si umesikia?"

Wanangu, ukumbi haukuwa na kelele. Ningeweza kusema hivyo. Ningeweza kusema: mkono bila neno si sare, mchezo uendelee, saa zirudishwe zilipokuwa. Hilo ndilo jibu, na lingenichukua muda wa kupumua mara moja. Hata Yannick wangu lisingemwadhibu sana, angefungwa baada ya kete mbili, akalia, akakua.

Badala yake niliona bingwa wa kituo changu. Niliona kombe juu ya kabati langu la mbao, pale palipokuwa patupu miaka yote. Na niliona pia, hili ndilo baya zaidi, kwamba nikikataa, Yannick atasema mbele ya watu, mbona wewe ndiye ulitufundisha ile ya karani?

Nikasema, "Nimesikia."

Neno moja. Godeliva alinitazama usoni, kisha akashusha macho haraka, kwa sababu mtoto aliyelelewa hamkazii macho mkubwa. Mwalimu wake wa Muyinga alikuwa amefika mezani, anapumua kwa nguvu, anasema hii haiwezekani, anataka kuandika barua ya malalamiko. Msichana akamshika mkono wa shati.

"Mwalimu, tuache. Mama amesema amesikia."

Akafuta ile moja kwa sifuri kwa mstari mmoja, akaandika nusu kwa nusu, akatia sahihi. Alizipanga kete zote nyeupe mahali pake kabla ya kuondoka, kama nilivyowaomba wote wafanye. Wengine hawakuzipanga.

Jioni ile tulipiga picha na kombe. Katika picha mimi ndiye ninayecheka kuliko wote. Nilikuwa nayo ukutani, nikaigeuza, mwishowe nikaitia kwenye kapu la saa mbovu.

Yannick alienda Dar es Salaam akafungwa michezo mingi, akarudi. Jumamosi moja nilimkuta ukumbini peke yake, amekaa mbele ya ubao ambao haujapangwa. Akaniambia bila kunitazama, "Mama, we ulijua mi sikusema kitu."

"Na we ulijua."

"Mi nilikuwa mutoto," akasema. "Bon. We haukuwa."

Hakurudi tena kituoni. Tulikutana sokoni mara kadhaa, akanisalimia vizuri, akanibebea hata mfuko. Nilimpoteza hivyo, kwa heshima zote.

Mimi niliendelea. Ndiyo haya yangu ya pili: niliendelea, miaka mingine mingi, nikizunguka kati ya meza, nimevaa uso wa haki. Nilibadilisha utaratibu, hilo nalisema. Katika mashindano yangu yote yaliyofuata, kabla ya kuanza nilisimama mbele ya watoto na kuwaambia: anayetaka sare asogeze kete yake, aseme neno "sare" kwa sauti ya kusikika, ndipo abonyeze saa. Mkono ni baada ya matokeo kuandikwa na wote wawili. Mdomo kwanza, mkono baadaye. Watu walisifu ubunifu wangu. Mzee Nuruddin alikuwa ameshafariki, asingeweza kudai haki yake. Kile kichekesho cha karani sikukisimulia tena. Watoto wa zamani wakiniomba, nasema nimekisahau.

Kila mwaka watoto wa Muyinga walipokuja, nilitafuta kwanza sweta ya kijani. Niliwahi kumwuliza mwalimu wao kuhusu Godeliva. Akasema, "Analima, Mama." Akaenda zake.

Siku ya kustaafu kwangu mkubwa wa kituo alisema kwenye hotuba kwamba katika miaka yote Mama Saa hakuwahi kulalamikiwa uamuzi hata mmoja. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa mbele na kitenge changu kipya mapajani, na uso ukaniwaka kama nimeinamia sufuria. Nilitamani mtu mmoja tu asimame akatae. Hakuna aliyesimama, na mimi pia nilibaki nimekaa.

Wiki iliyofuata nilienda Butihinda.

Haikuwa vigumu kumpata, nilitaja jina nikaonyeshwa nyumba. Alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage kwenye ungo, mtoto wa miaka miwili amelala karibu yake. Amekuwa mama mtu mzima. Alinitambua kabla sijasema, akataka kusimama, nikamwambia kaa, kaa, usisimame kwa ajili yangu. Aliniletea kigoda. Kando ya ukuta kulikuwa na mtungi wa maji, na kifuniko chake kilikuwa ubao wenye miraba iliyochomwa kwa chuma cha moto. Miraba ya pembeni ilikuwa imefutika kwa unyevu.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalipotea. Nikasema, "Yannick hakusema kitu siku ile. Sikusikia neno. Nilidanganya."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe dogo, akalitupa.

"Najua, Mama."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Ukumbi ulikuwa kimya. Nilisikia hata saa."

"Mbona hukusema?"

Hapo ndipo alipoinua macho, na safari hii hakuyashusha. "Ningesemaje? Mkubwa anasema amesikia, mtoto aseme hakusikia? Kwetu hilo linawezekana?"

Nikamwambia kwamba nitaliandika jambo hili, na kwamba nimeshawapelekea barua wanaotunza majina ya mabingwa, nikieleza mchezo ule ulivyokuwa. Nikamwambia nisamehe, nilitamani kituo changu kipate kombe, nikakuvunjia maisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia na hakunifokea. Alisema, "Maisha hayakuvunjika, Mama, ninayo. Mchezo ndio uliovunjika." Akaniuliza kama nimekula.

Nilikula maharage yake. Nilipomaliza nikaona jua limesogea na pikipiki iliyonileta inapiga honi barabarani. Nikasimama. Sikujua niondokeje. Basi nikafanya kile ambacho mikono yetu hufanya yenyewe: nikanyoosha wa kwangu, nikangoja.

Hakuupokea. Aliutazama tu, ungo bado mapajani.

"Mama," akasema, "mkono huu ni wa nini?"

Nilisimama pale, mkono hewani, na haya ikanishuka mpaka miguuni. Kwa sababu nilijua ulikuwa wa nini. Ningepewa mkono, kwa maana mkono haurudi mtupu, nami ningerudi Gitega nikiwaambieni ninyi kwamba Godeliva amenisamehe. Nilikuja kuungama mkono bila neno, na hapo hapo nikautoa wa pili.

"Ni wa kwaheri," nikamwambia. "Wa kwaheri tu. Ule mwingine nimeuomba kwa mdomo, na wewe utanijibu kwa mdomo, siku ukitaka, au usinijibu."

Alifikiria, polepole, kama alivyokuwa akifikiria juu ya ubao.

"Haya," akasema. "Wa kwaheri naupokea."

Akaupokea akiwa amekaa. Wa kushoto ulibaki kwenye ungo, unashikilia maharage yasimwagike.